Kuchagua kifaa cha kupima upepo wa matairi ya trela ya boti

Dereva anayevuta trela ya boti kutoka Malindi hadi Mombasa, safari ya takriban kilomita 120, si rahisi kwake kuhisi tairi la trela linapopungua upepo, hasa trela ikiwa na ekseli mbili, kwa kuwa tairi la jirani hubeba mzigo wa mwenzake mpaka lile lililolegea lichemke na kupasuka. Kifaa kinachosoma upepo wa kila tairi na kuuonyesha kwenye skrini mbele ya dereva huondoa upofu huo, ila si kila kinachofaa gari dogo kinaifaa trela.

Uliza kwanza kuhusu mawimbi ya redio. Sensa, yaani kipimo kidogo kinachofungwa kwenye kila gurudumu, ile ya gurudumu la mwisho hutuma taarifa ikizuiwa na bodi la pikapu na boti yenyewe, kwa hiyo trela ndefu huhitaji kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, nacho ni afadhali kiwe ndani ya seti. Kisha soma ubavuni mwa tairi kiwango cha juu cha PSI (kipimo cha nguvu ya upepo), uhakikishe kuwa sensa inasoma zaidi ya hapo, maana upepo hupanda tairi likipata moto.

Penye shida hasa ni chumvi ya bahari. Sensa za ndani ya rimu zimekingwa, lakini fundi wa pancha asiyezijua anaweza kuzivunja kwa chuma chake. Sensa za kofia hufungwa juu ya vali kwa mkono, na mwenye kuishusha boti baharini huzifungua kabla trela haijaingia majini; kwa sababu hiyo mimi huzipendelea. Niliwahi kuziacha zangu miezi kadhaa bila kuzifungua: kofia ya alumini ikagandana na vali ya shaba kwa unga mweupe, na nilipoikamata kwa plaisi ilikatika pamoja na vali, upepo wote ukatoka. Vali nazo ziwe za chuma, kwani za mpira huyumba kwa uzito wa sensa.

Viwango vya tahadhari viwekwe asubuhi, tairi likiwa baridi: kwa tairi la PSI 50, kengele ilie upepo ukishuka hadi 45 au ukipanda hadi 62. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afunge sensa moja kwenye tairi lolote, apange kiwango, kisha apunguze upepo. Kengele isipolia, mrudishie kifaa chake.