SOMO: Kubadilisha fauntini mbovu ya bustani ya umma (soma lote kabla hujaniuliza "pampu gani nzuri")

Naandika hili ili nipate kupumzika. Kila mwezi kuna mtu: "Fundi, fauntini ya bustani yetu imekufa, pampu gani nzuri?" Najibu yale yale, halafu mtu ananunua pampu ambayo alishaipenda dukani kabla hata ya kuniuliza. Kuanzia leo nawaelekeza hapa.

Kazi zangu nyingi nimezifanyia Kisumu. Kwa hiyo ninayoyasema ni ya mji wa kando ya ziwa: jua kali, upepo wa alasiri, na mfereji unaokauka siku usiyoitarajia. Ukiwa Kericho au Eldoret, pima ya kwenu.

Mfano nitakaoutumia ni beseni la duara lenye kipenyo cha mita 4 na kina cha maji cha sentimita 45. Hizo ni lita kama 5,650. Shika hesabu moja kichwani: maji yakishuka sentimita moja tu, umepoteza lita 125. Ni mitungi sita ya lita ishirini na ushee.

Hatua ya 1. Pata barua ya kibali kutoka kaunti. Bustani ya umma si boma lako.

Hatua ya 2. Jua kilichoiua ya zamani. Nyundo iache kwanza. Zima pampu, panga matofali ndani ya beseni, weka ndoo juu yake, uijaze maji yalingane na ya beseni nje. Chora alama kwenye ndoo na kwenye ukuta. Rudi kesho saa hiyo hiyo. Ndoo na beseni zikishuka sawa, hilo ni jua, beseni lako ni zima. Beseni likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Kisha rudia pampu ikiwa inafanya kazi: yatakayopungua zaidi safari hii yanapotelea kwenye mabomba au yanarukia nje. Nimeona watu wakivunja beseni zima lisilo na ufa hata mmoja, kosa likiwa kiungo cha bomba cha shilingi mia mbili.

Hatua ya 3. Kata stima, toa maji, vunja, beba vifusi. Shimo lisilale na maji. Huku ni kwenye malaria, na mbu hahitaji hata wiki mbili kutoka yai hadi kuruka.

Hatua ya 4. Udongo. Sehemu za chini za mji na kuelekea nyanda za Kano kuna ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Usimwage zege juu yake hata kama mwenye pesa ana haraka. Mimi nauchimba sentimita 60 au hadi rangi ibadilike, najaza murram (udongo wenye changarawe), namwagia maji na kushindilia kila sentimita 15. Baada ya hapo zege la sakafu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na wavu wa chuma, ule wa BRC, katikati, si chini kabisa ukilala kama mkeka. Kisigino cha ukuta, yaani kipande chake cha chini kabisa, kimwagwe pamoja na sakafu siku ile ile, maana pale sakafu inapokutana na ukuta ndipo mabeseni mengi huvujia. Funika kwa magunia yenye maji siku saba. Ndiyo, saba.

Hatua ya 5. Mabomba. Yapitishe kabla ya zege. La kutolea maji ya ziada liwe nene kuliko la kuingizia. Na mdomo wa bomba la kuingizia ukae juu ya maji, usizame kamwe. Mfereji wa mji ukikosa msukumo, bomba lililozama linaweza kunyonya maji ya beseni na kuyarudisha kwenye njia ya maji ya kunywa. Yale ambayo watoto wameoshea miguu na ndege amefanyia yake, kesho yako kwenye chai ya mtu.

Hatua ya 6. Urefu wa maji na pampu. HAPA NDIPO NILIPOUNGUA.

Fauntini yangu ya kwanza niliijaribu saa nne asubuhi. Hewa imetulia, maji yamesimama mita tatu wima kama mshumaa, wakubwa wamepiga picha, soda zimenywewa, mimi nimeenda nyumbani nikijiona mhandisi. Saa nane upepo wa ziwa ukaingia, kama unavyoingia karibu kila siku. Ule mshumaa ukalala. Maji yakawa yanatua kwenye njia ya watu na kwenye magazeti ya muuzaji aliyekuwa ng'ambo. Kufika magharibi beseni lilikuwa limeshuka sentimita 17. Piga hesabu ile ya juu: zaidi ya lita 2,000 zimeenda kuosha lami.

Boya la kujazia, lile linalofungulia maji ya mfereji beseni likishuka, lilifunguka vizuri tu, lakini siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu. Boya limefungulia upepo. Kwenye saa tatu usiku pampu ilianza kunyonya hewa, na pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayoizunguka. Asubuhi niliinua mfuniko wa shimo, nikapokewa na harufu ya waya ulioungua. Ukishainusa mara moja, hutaisahau. Pampu ya pili niliinunua kwa pesa yangu, na yule muuza magazeti hanisalimii mpaka leo.

Kwa hiyo:

Mahali pasipo na upepo, maji yasiruke juu kuliko umbali kutoka kwenye nozeli (mdomo unaorusha maji) hadi ukingo wa beseni. Penye upepo, nusu ya hapo. Beseni letu la mita 4 lina mita 2 hadi ukingoni, basi Kisumu urefu wako ni MITA MOJA. Najua ni mfupi. Najua kwenye mchoro ulionekana mrefu. Mita moja.

Urefu ukishaujua ndipo unatafuta pampu, si kinyume. Nozeli yenye tundu la milimita 20 kwa urefu wa mita moja inataka lita kama 5,000 kwa saa. Kwa mita tatu, lita 8,700. Ongeza kidogo kwa ajili ya msuguano wa mabomba na kona, halafu weka valvu ya kupunguzia.

ONYO: Usifunge pampu bila swichi ya boya ya kuizima maji yakipungua. Ifunge ikate wakati bado kuna maji ya sentimita kumi juu ya mdomo wa kunyonyea.

ONYO: Ukiwa na mabakuli ya juu, pampu ikizimwa maji yake yote hushuka kwenye beseni. Acha sentimita kumi tupu ukingoni, la sivyo kila ukizima unafurisha bustani.

ONYO la mwisho, kwa wakubwa: uzinduzi ufanyike alasiri.

Hatua ya 7. Stima. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12. Swichi ya kukata stima inapovuja, ile RCD ya miliampia 30, lazima iwepo. Watoto wataingia humo, uweke kibao usiweke kibao. Sitajibu swali lolote la kuruka hatua hii.

Hatua ya 8. Jaza, washa, kaa nayo kuanzia saa nane hadi jua lizame. Beba kiti.

---

MASWALI

Kijana_wa_Kondele: Somo poa fundi. Sasa pampu gani nzuri?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kijana_wa_Kondele: Nimeisoma. Nauliza jina la kampuni.

Mwandishi: Ungekuwa umeisoma ungenipa kipenyo cha beseni.

Ja_Nyalenda: Mkuu, dukani kuna pampu imeandikwa "mita 8, lita 10,000 kwa saa". Beseni letu ni la mita 3. Si inatosha na kubaki?

Mwandishi: Swali zuri, na hapo wengi huibiwa mchana kweupe. Namba hizo mbili haziji pamoja. Mita 8 ni pale pampu inaposukuma maji hadi yanagoma kabisa, mdomoni hakitoki hata tone. Lita 10,000 ni pale haipandishi chochote, inamwaga tu kandokando. Kazi yako iko katikati. Omba karatasi yenye mchoro wa mstari unaoteremka, tafuta mwinuko unaoutaka, soma lita zilizo chini yake. Duka likikosa karatasi hiyo, tafuta duka lingine. Kwa mita 3, ukingo uko mita 1.5, kwa hiyo maji yako yasizidi sentimita 75. Nozeli ya milimita 20 hapo inataka lita 4,300 hivi kwa saa.

Ja_Nyalenda: Erokamano fundi. Na nikitaka pampu ikae juu kavu, si ndani ya maji?

Mwandishi: Inawezekana, na kuitengeneza ni rahisi. Lakini iweke chini ya usawa wa maji, kwenye chumba chake, maji yaifuate yenyewe. Ikikaa juu na kunyonya, kumbuka tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na hewa ndiyo inayosukuma maji kuingia kwenye pampu. Pwani kikomo cha vitabuni ni mita 10 na kidogo, hapa ni kama 9, na kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya 6.

MzeeKipimo: Hii habari ya upepo ni kisingizio cha mafundi wasiojua kazi. Ulaya kuna fauntini zinarusha maji hadi mawinguni.

Mwandishi: Mzee, ile ya Geneva inarusha mita 140, lita 500 kila sekunde. Iko ndani ya ziwa, kwa hiyo maji yanaporushwa na upepo yanarudi nyumbani. Na bado upepo ukizidi wanaizima. Hao ndio wanaojua kazi. Beseni lako lina ukubwa gani?

MzeeKipimo: Mimi nilikuwa nachangia tu.

Ziwa_Ni_Letu: Si mtumie maji ya ziwa moja kwa moja? Yako pale, bure.

Mwandishi: Si bure. Kuyachota kwa kazi kama hii kunataka kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Halafu yanakuja na tope, mwani na vipande vya gugu maji, chujio litaziba kila siku. Kubwa kuliko yote ni kichocho. Vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi, na watoto watatia miguu humo. Ukilazimika, yalaze maji kwenye tangi lililofunikwa zaidi ya siku mbili, maana kijidudu kisipopata mtu hufa, na uhakikishe hakuna konokono hata mmoja anayeingia na bomba. Mimi naona heri maji ya mvua ya paa la choo cha bustani.

MamaMaua_Kakamega: Hujambo fundi. Ya kwetu ni ya uwanja wa kanisa, ndogo, mita 2. Inazimwa usiku na nimeanza kuona viluwiluwi vya mbu pembeni. Nitie klorini au nitie samaki? Mume wangu anasema ngege wadogo watamaliza kazi.

Mwandishi: Sijambo dada. Chagua kimoja, maana klorini itaua samaki. Mumeo hajakosea, ngege wadogo wanawala. Ila usiwape chakula kingi, wakishiba watawaacha mbu na maji yatakuwa kijani. Wachache wanatosha. Mdomo wa pampu uufunge wavu mwembamba, na wakati wa kujaza maji ya mfereji jaza kidogo kidogo, nayo yana klorini yake. Ukichagua klorini, basi kila wiki safisha na sugua kuta. Pia iwashe nusu saa alfajiri na nusu saa usiku, mbu hapendi kutaga kwenye maji yanayotikisika.

MamaMaua_Kakamega: Asante sana. Na nyuki? Nawakuta wameelea kila asubuhi.

Mwandishi: Weka mawe mawili matatu yenye mikwaruzo, vichwa vyao vitokeze juu ya maji. Watatua hapo wanywe waende.

Ndege_wa_Dunga: Naongeza kwa dada wa Kakamega: ukitia samaki jiandae kwa fundichuma, yule ndege mla samaki. Kwetu alikuja siku ya tatu, akasimama ukingoni kama askari wa kaunti, kufika Ijumaa hakuna samaki.

Mwandishi: Kweli kabisa. Kigae kipana au chungu kilicholazwa chini, samaki wajifiche humo.

Ndege_wa_Dunga: Na kwa nini msiweke bomba la kunywa hapo hapo? Wachuuzi wanashinda juani.

Mwandishi: Naliunga mkono, bora lisiguse maji ya fauntini hata kidogo. Njia yake mwenyewe kutoka kwa mfereji, koki ya kubonyeza inayojifunga, na sakafu ya changarawe chini pasituame tope. Nitaliandikia somo lake nikipata nafasi.

Kijana_wa_Kondele: Fundi, nimerudi. Kipenyo ni mita 3 na nusu. Jana nimechomeka mpira wa maji katikati, nikaurusha juu hadi mita moja. Asubuhi ilikuwa sawa. Saa tisa na nusu matone yalikuwa yanatua hatua mbili nje ya ukingo.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Bustani yako iko upande gani, kuna miti au jengo linalozuia upande wa ziwa?

Kijana_wa_Kondele: Hakuna kitu. Uwanja mtupu mpaka majini.

Mwandishi: Basi hata nusu ni nyingi kwako. Shuka hadi sentimita 60, urudie na mpira leo saa tisa na nusu hiyo hiyo. Matone yakibaki ndani, nitumie urefu wa bomba na idadi ya kona, nikuhesabie pampu.