Chagua Chakula Kwanza, Mjusi Baadaye

Anayetaka kufuga mjusi huja kwangu akiwa ameshampenda kinyonga kwenye picha. Namrudisha nyuma kwa swali moja: mende utawaweza? Geko chui, yule mdogo mwenye madoa, akitunzwa vizuri hufika miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo anza na kile utakachoweza kumlisha muda wote huo, ndipo utafute mjusi anayekila.

Hatua ya 1: Jipime kwa wadudu

Geko chui na kinyonga hushtuliwa na kitu kinachotembea. Mdudu aliyekufa huwapita machoni hivihivi. Maana yake utakuwa na boksi la wadudu hai ndani ya nyumba. Nyenje hulia usiku kucha, hunuka na hutoroka. Mende aina ya dubia ni wapole zaidi: hawapigi kelele wala hawawezi kupanda ukuta laini wa ndoo. Kama kuna mtu nyumbani asiyetaka hata kusikia habari hizo, ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Wala wadudu

Anayeanza namshauri geko chui. Hana haja na mboga, na akishakuwa mkubwa hula kila baada ya siku mbili au tatu. Kinyonga naye hula wadudu, ila kazi yake iko kwenye maji: kwa kawaida hanywi bakulini, hulamba matone yaliyo juu ya majani, kwa hiyo lazima umnyunyizie kila siku. Usianze naye.

Hatua ya 3: Wala majani

Iguana wa kijani huuzwa akiwa mdogo kama kalamu, kisha hurefuka hadi mita moja na nusu au zaidi, mkia ukiwemo, na hutaka majani tele kila siku. Usimpe nyama wala mayai ukidhani unamtia nguvu. Figo zake ndizo zitakazolipa. Mwenye nafasi ndogo amwangalie uromastiki, mjusi wa jangwani anayekula majani na mbegu na kupata maji yake mengi humo humo.

Si kila jani linafaa. Spinachi ina oksalati, ambayo hushika kalsiamu isifike mwilini. Saladi nyeupe ni maji matupu. Parachichi ni sumu, usimpe kabisa.

Hatua ya 4: Wala mchanganyiko

Hapa yupo nimpendaye, pogona wa Australia mwenye ndevu. Watu hukosea kwake kwa sababu mlo wake hugeuka kadiri anavyokua. Mtoto hula wadudu kwa wingi kila siku, mboga kidogo. Mkubwa ni kinyume: bakuli liwe la majani, wadudu mara chache kwa wiki. Wenye huruma huendelea kumshindilia wadudu mpaka anakuwa na tumbo la kuburuza. Wala usimwokotee wadudu wa nje usiowajua. Kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua.

Asiyetaka mende wala kukatakata mboga, yupo geko wa kishungi kutoka Kaledonia Mpya. Chakula chake kikuu ni unga maalumu wa matunda unaokorogwa kwa maji kama uji. Wadudu mara moja moja humfurahisha.

Kenge na tegu (mjusi mkubwa wa Amerika Kusini) nawapita haraka: wanataka panya wasiokatwakatwa, mayai, na jokofu la kuwahifadhia. Si wa mwanzo.

Hatua ya 5: Hesabu kalsiamu na taa

Pogona wangu wa kwanza nilimlisha nyenje watupu kwa miezi. Siku moja nilimshika kidevu, taya likabonyea kama mpira. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, nami sikuwa na taa ya miale ya urujuanimno, inayousaidia mwili wake kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo kalsiamu haifyonzwi, na mwili huanza kuila mifupa yenyewe.

Sasa nafanya hivi: nawalisha nyenje mboga siku nzima, nawatia kwenye mfuko na unga wa kalsiamu kidogo, natikisa mpaka waonekane wamegaragara kwenye unga wa ngano. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Waliobaki nawatoa kabla ya usiku, maana nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi vidole akiwa amelala.

Hatua ya 6: Fuga chakula mwezi mmoja

Kabla ya kuleta mjusi, leta chakula chake. Watunze nyenje au mende kwa mwezi, au osha na kukata bakuli la majani kila asubuhi. Ukishindwa, hakuna kiumbe aliyeumia. Ukiweza, nenda kwa muuzaji, na akikuambia "huyu anakula vizuri", mwombe amlishe mbele yako.