Klasi A, AB au D? Jinsi ya kulinganisha amplifaya za nyumbani kabla hujatoa hela

Mtu akitaka amplifaya ya nyumbani swali la kwanza huwa ni hilohilo, hii ni klasi gani? Mi nimeshakaa na zote tatu kwa muda mrefu na naona ile herufi inapewa heshima kuliko inavyostahili. Herufi inakwambia umeme unatumikaje, ila utamu wa sauti unatoka zaidi kwenye pawa saplai (sehemu inayoilisha amplifaya umeme), kwenye saketi ilivyopangwa na kwenye spika ulizonazo.

Klasi A transista zake (vipande vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika) hazipumziki kabisa, umeme unapita muda wote hata kama hakuna muziki, ndo maana ukiiwasha ukaiacha nusu saa hitsinki (bati la kutolea joto) inakuwa ya moto huwezi kuweka kiganja. Ya wati 25 kila upande inakula wati 100 na zaidi saa zote. Faida yake ni kwamba hakuna transista inayoikabidhi mwenzake wimbi la muziki katikati ya safari, kwa hiyo sauti ya mwimbaji inatoka laini sana, naipenda kweli. Lakini kama chumba ni kidogo, kina joto na spika zako ni nzito kusukuma, usiumize kichwa nayo.

Klasi B yenyewe transista mbili zinagawana wimbi, moja inabeba juu nyingine chini, na pale wimbi linapovuka sifuri zote zinakuwa zimelala, unasikia mkwaruzo hasa ukiwa umepunguza sauti. AB ndo dawa ya hilo, zote mbili zinapewa umeme kidogo ili pale kwenye makabidhiano zisilale. Amplifaya nyingi za zamani ni AB na kwa thamani ya hela mi bado naziamini sana, zinatengenezeka, transfoma yake kubwa nzito ukiibeba unajua umebeba kitu. Klasi G na H ni AB zenye ujanja wa kupandisha volti pale muziki unapodai, ukikutana nayo ihesabu kama AB isiyochemka sana.

Sasa D. Kwanza D sio dijitali, ni herufi tu iliyofuata baada ya C. Transista zinawaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde alafu koili na kapasita zinachuja unabaki muziki, na kwa vile hazikai nusunusu hazipotezi umeme kwenye joto, ufanisi unafika asilimia 90. Zile za bei ya chini kuna jambo moja uliangalie: chujio la mwisho (zile koili na kapasita) likiwa halidhibitiwi na saketi, trebo (sauti za juu) inabadilika kutegemea spika, kwa spika hii inachoma masikio kwa ile inafifia. Ndo maana watu wawili wenye kibao (saketi ya amplifaya) kilekile wanabishana na wote wako sahihi. Moduli nzuri kama za kampuni za Hypex na Purifi zinadhibiti mpaka baada ya chujio, hapo tatizo hilo linaisha.

Afu usisome wati za kwenye boksi, piga hesabu mwenyewe. Niliwahi kununua kibao cha D kimeandikwa wati 100 mara mbili, adapta iliyokuja nayo volti 24. Volti 24 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) haziwezi kutoa zaidi ya wati 36 safi: 24 mara 24, gawanya kwa mbili, gawanya tena kwa 8. Nilivyopandisha sauti besi ikaanza kupasuka, nikadhani spika imekufa kumbe ni adapta tu. Ila pia wati zisikutishe, ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, masikio yanasikia imepanda kidogo, haijawa mara mbili. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja inakusaidia kuliko kununua amplifaya kubwa kwa spika ya desibeli 84.

Kulinganisha mbili nyumbani fanya hivi. Tumia spika zilezile na wimbo unaoujua vizuri, cheza toni ya hezi 100, weka multimita kwenye volti za AC kwenye terminali za spika, rekebisha sauti mpaka amplifaya zote zisome sawa, mfano volti 2.83, hiyo kwa omu 8 ni wati moja. Usiruke hatua hii jamani, ile yenye sauti kubwa kidogo tu masikio yataisifia hata kama ni mbovu. Baada ya hapo mwambie mtu abadilishe bila kukuambia ipi ni ipi. Sikiliza kwa sauti ya chini usiku, mvumo na mkwaruzo ndo unajitokeza hapo.

Na kama ni ya mitumba, chomoa spika, washa bila muziki, pima volti za DC kwenye terminali za spika. Chini ya milivolti 50 iko poa, ikipita 100 usiunganishe spika mpaka fundi aiangalie, maana umeme huo ukizidi ndo unaounguza koili ya wufa (spika ya besi).