Namna ya kuendesha mjadala: kwa nini msomi anaamini Mungu zama hizi za sayansi?

Suali hili huulizwa sana na vijana wa kidato cha tano na cha sita, hasa wa mchepuo wa sayansi, na mara nyingi hujibiwa vibaya. Ama kijana hunyamazishwa, ama husomewa orodha ya majina ya wanasayansi walioamini, kisha akaambiwa yamekwisha. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa skuli, maalim wa chuo cha Kurani au kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi, Unguja au Pemba, anayetaka kulikalia suali hili jioni moja na kulitendea haki.

Matayarisho

Alika watu 12 hadi 20. Wakizidi hapo, wenye shaka hawasemi. Watasema wenye sauti tu. Dakika 90 zinatosha: anza saa kumi na robo, baada ya sala ya Alasiri, umalize saa kumi na mbili kasoro robo ili watu wapate nafasi ya kutawadha na kuwahi Magharibi. Usiweke kikao baada ya Isha, maana daladala huwa chache na wasichana wengi hawataruhusiwa kutoka. Tandika mikeka, watu wakae duara, na wewe ukae ndani ya duara hilo. Meza ya mbele hugeuza mjadala kuwa mawaidha.

Wiki moja kabla, kila mmoja aandike suali lake kwenye kikaratasi bila jina. Hati za watu wa skuli moja hujulikana, kwa hiyo mpe mtu mmoja unayemwamini azinakili zote kwa mkono wake, kisha achane zile za asili. Ukiruka hatua hii utapata masuali ya adabu tu, na yale yanayowakosesha watu usingizi hayatafika.

Panga masuali mafungu matatu

Hapa ndipo mjadala unapopona au unapoharibika. Ndani ya "kwa nini anaamini" mna masuali matatu. La kwanza ni la chanzo: imani ilimfikaje mtu huyu? La pili ni la hoja: akiulizwa, anaitetea kwa lipi? La tatu ni la ukweli wenyewe: je, ndivyo mambo yalivyo? La kwanza lina majibu katika elimu ya nafsi na ya jamii, la pili katika falsafa na elimu ya tauhidi. La tatu hakuna anayeweza kumjibia mwenzake.

Kosa kubwa ni kujibu moja kwa jibu la jingine. Kijana akisema, "Maalim, wewe umeamini kwa kuwa umezaliwa Wete, Pemba," amesema kweli kuhusu chanzo, lakini hajagusa ukweli. Aliyelelewa katika nyumba isiyo na dini naye ana chanzo cha kutoamini kwake. Pia sote tumeijua hesabu ya kuzidisha kwa kukaririshwa utotoni, na 7 mara 8 haijawa uongo kwa sababu hiyo. Kosa hilo huja na upande wa pili: mtu husema imani ni kweli kwa kuwa wazee wetu wote waliishika. Wakemee wote wawili kwa upole uleule, ama sivyo watajua umeshachagua upande.

Fungu la chanzo: dakika 25

Eleza mambo kama yalivyo hapa kwetu. Mtoto wa Kizanzibari wa Kiislamu huanza chuo kabla ya skuli au pamoja nayo. Anapofika kwenye kanuni za Newton, pengine ameshahifadhi juzuu Amma yote, sura 37. Kubwa kuliko kuhifadhi ni kuona: babu anafunga naye ni mzee, mama anatoa zaka naye hana kikubwa, jirani anaweka akiba miaka mingi apate kuhiji. Watafiti wa elimu ya nafsi wamelieleza jambo hili kwa uzito, kwamba maneno ya dini hushika zaidi pale msemaji anapoonekana kuyalipia gharama. Kisha kuna janaza. Daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja akifiwa, wanaomwoshea maiti wake, wanaomchimbia kaburi na wanaokaa naye matanga ni watu wa msikiti wake. Akiwa Mkristo, ni watu wa kanisa lake la Mkunazini au la Shangani. Shahada haimtoi katika mtandao huo, na haina kitu cha kuweka mahali pake.

Takwimu nazo zitolewe kamili. Mwaka 2009, taasisi ya Pew iliwauliza wanasayansi wa Marekani: 33 kati ya 100 walisema wanamwamini Mungu, 18 walisema wanaamini nguvu fulani ya juu, na 41 hawakuamini kimoja wala kingine. Mwaka 1914 na tena mwaka 1996, wanasayansi wa huko waliulizwa juu ya Mungu anayejibu maombi, na mara zote mbili walioamini walikuwa karibu 4 kati ya 10. Lakini wanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, jumuiya ya wanasayansi wateule, walipoulizwa mwaka 1998, walioamini walikuwa 7 tu kati ya 100. Taja yote. Ukitaja yanayokupendeza peke yake, kijana mwenye simu atakutolea yaliyobaki kabla hujamaliza sentensi, na hapo hutasikilizwa tena. Wakumbushe pia kwamba hizi ni namba za Marekani, si za Zanzibar.

Fungu la hoja: anza na fimbo

Kama unaweza kupanga tarehe, fanya zoezi hili mchana wa siku ileile. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa ya Makka na yetu ni moja, kwa hiyo huna haja ya kugeuza. Simamisha fimbo ya mita 1 kwenye ardhi iliyo sawa, uipime kwa timazi: uzi na nati yatosha. Saa ikitimia, tia alama kwenye ncha ya kivuli. Msitari kutoka ncha hiyo kurudi kwenye shina la fimbo ndio upande wa Kibla, na kwa Unguja utakuta ni kaskazini karibu kabisa, ukiegemea mashariki kwa takriban nyuzi 1. Mwezi Mei kivuli kitakuwa na urefu wa kama sentimita 52. Kikizidi sana au kupungua sana, fimbo imeinama au ardhi haiko sawa. Dakika 1 ya kuchelewa hukupotosha kwa nusu ya nyuzi, basi saa yako ilingane na ya mtandao. Mwisho wa Mei mawingu ya masika huwa bado yapo, ndiyo maana Julai ni bora. Likifichwa jua, siku ya pili yake dakika ileile itakupa jibu lilelile kwa karibu sana. Dira ya simu usiitegemee karibu na nondo au mabati.

Baada ya hapo uliza: fimbo imetwambia nini, na imenyamaza juu ya nini? Hesabu ya jua ataipata sawasawa anayesali na asiyesali. Imetuonesha upande. Kama tuelekee huko au la, haikusema, na hata tukiipima kwa ala kali zaidi haitasema. Msomi anayeamini, kwa kawaida, amesimama hapo. Hapingi kipimo, anashughulika na suali ambalo kipimo hakikuulizwa.

Unganisha na tukio ambalo kila aliyesoma chuo amelisikia. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume akakataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Kisha akasali. Wataalamu wa elimu ya anga wa leo, kwa hesabu zao, huliweka tukio hilo tarehe 27 Januari 632. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alionya kwamba anayezipinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini.

Ukitaka mfano wa karne iliyopita, chukua Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1979. Abdus Salam alimwamini Mungu, Steven Weinberg hakuamini, na kila mmoja kwa njia yake alifika kwenye nadharia moja. Mfano huu unaziba midomo ya pande zote mbili: imani haikumzuia Salam, na kutoamini hakukumzuia Weinberg. Jihadhari tu na jambo moja. Salam alikuwa wa jamii ya Ahmadiyya, na Pakistan iliitoa jamii hiyo katika Uislamu kisheria mwaka 1974. Mtu atalitaja, na nusu saa itapotea. Litaje wewe mapema kwa sentensi moja, au tumia mfano wa Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Alitaka fizikia ibaki fizikia.

Sasa waache watoe hoja zenyewe: kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, kwa nini maumbile yanatii hesabu, dhulma inakuwaje dhulma hata pale hakuna wa kuadhibu. Toa na pingamizi kwa nguvu zake zote, hasa la maumivu ya wasio na hatia. Pingamizi likitolewa kwa unyonge ili lishindwe upesi, wenye akili hutambua.

Yanayoharibu

Kumtia Mungu kwenye kila pengo la sayansi. Pengo likizibwa, kijana huona imani nayo imeondoka. Linalofanana nalo ni kuzibebesha aya nadharia mpya kila mwaka, kwa sababu nadharia hubadilika, na aya iliyofungwa nayo huonekana imebadilika pia.

La tatu ni zito kwetu, khasa Pemba. Meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilipozama Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wengi walisema ni kadari. Mwamini anaweza kusema hivyo kwa moyo safi. Lakini kadari haifuti uzani wa chombo, wala haimwondolei lawama aliyekijaza. Mtu akiitumia kufunga uchunguzi, mkatize, na uwaeleze vijana kwamba mafundisho ya dini yenyewe yanadai mwenye kosa awajibike.

Fungu la tatu na anayebaki nyuma

Suali la ukweli lipe dakika 15 za mwisho, na usipige kura wala usiombe mikono inyanyuliwe. Katika mji mdogo mkono ulionyanyuliwa hufika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Mara nyingi mmoja hubaki, akikunja mkeka polepole. Akikwambia imani imemtoka, usimpeleke kwa wazazi wake kabla hajakubali, wala usimrushie dalili. Muulize tangu lini. Ikiwa ilianza na kifo au ugonjwa, linalomsumbua ni msiba, na hoja za falsafa hazitamfaa wiki hiyo, mkalie, msikilize. Ikiwa ni hoja, mtafutie sheikh mwenye subira, au padri kama ni Mkristo, na umweleze mtu huyo kabla ya kukutana kwamba kijana anakuja kuuliza, hakuja kuhukumiwa. Na ukisikia kwamba hapati usingizi, hataki kula, au anasema maisha hayana maana kwake, usimwache peke yake: mfikishe hospitali siku hiyohiyo, mjadala utasubiri.