Kuchagua rimu za gari kabla hujatoa pesa Kisekka

Ukiingia Kisekka, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, kila rimu inang'aa na kila muuzaji anaapa itaingia. Urembo uache kwanza, anza na gari lako.

Hatua ya 1: pima matundu. Fungua gurudumu moja, hesabu stadi (boliti zinazoshika rimu), kisha pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani. Kwa rimu ya nati tano, ukipata karibu milimita 59, duara la matundu, yaani duara linalopita katikati ya matundu yote, lina kipenyo cha milimita 100. Ukipata 67, ni 114.3. Kwa Toyota, Premio na Wish nyingi ni 100, Noah na Harrier ni 114.3. Fundi akisema "tutakaza tu hadi ikubali", ondoka na pesa zako.

Hatua ya 2: tundu la kati. Hapa ndipo wenye Subaru wanapolizwa. Rimu ya Premio ina matundu matano ya 100 sawa na Forester za zamani, lakini tundu lake la kati ni milimita 54.1 na habu ya Subaru, kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 56.1. Haikai ng'o. Ya Subaru kwenye Premio inaingia, ila inacheza. Bila pete ya kujazia, usukani utatetemeka ukishika kasi. Nati nazo haziazimani: nafasi kati ya meno ya Toyota ni milimita 1.5, ya Subaru 1.25.

Hatua ya 3: ukubwa. Kwenye tairi ya 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Gari lililokuja nayo laweza kuvaa 205/55R16, na kimo cha tairi nzima kikabaki sentimita 63 hivi. 215/45R17 nayo inakaribia, lakini ubavu wa tairi unashuka kutoka sentimita 12.7 hadi 9.7. Kwa mashimo yetu yanayojificha chini ya maji ya mvua, sentimita hizo tatu ndizo zinazookoa rimu. Anayekwenda kijijini kila wikendi namwambia abaki na rimu ya 15. Mwenye kubeba mizigo achukue za chuma: zikipinda zinagongwa, za aloi hupasuka.

Hatua ya 4: igeuze. Nyuma tafuta alama ya ET, namba inayoonyesha kwa milimita umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na sehemu inayogusa habu. Isiwe mbali na ya rimu zako za awali, la sivyo tairi itasugua bodi au shokabu. Pitisha kidole ukingo wa ndani. Ukigusa mshono wa kuchomelea, hata ukiwa umepakwa rangi, irudishe.

Hatua ya 5: kufunga. Nati yenye ncha ya koni haifai kwenye tundu la kitako bapa. Anza kwa mkono, kaza kwa kuruka nati moja moja, na baada ya kilomita 50 hivi kaza tena.