Televisheni ya Kisogo Ambayo Picha Yake Inakimbia: Namna ya Kuitafuta Hitilafu

Televisheni za kisogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, bado zinaletwa kwa mafundi wa Mombasa, nyingi zikiwa zinatumia king'amuzi tangu matangazo ya analogia yalipozimwa nchini mwaka 2015. Kabla ya kushika bisibisi, tazama vizuri picha inavyokimbia. Ikipanda au kushuka ikiwa nzima, ulandanishi wa wima, yaani seti kwenda sambamba na ishara, ndio uliopotea. Ikipasuka kuwa mistari ya mshazari, ni wa mlalo. Ikifanya yote mawili kwa pamoja, shuku sehemu inayochuja mapigo ya ulandanishi kutoka kwenye ishara ya picha, au udhaifu wa ishara yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kukikagua king'amuzi. Mfumo wetu wa picha ni PAL, wenye mistari 625 na mapigo 50 ya wima kwa sekunde, ilhali NTSC, mfumo wa Marekani, ina mistari 525 na mapigo yanayokaribia 60. Mtoto akibonyeza rimoti hadi mpangilio ukageuka, seti isiyoujua mfumo huo itaikimbiza picha bila ya kuwa na ubovu wowote.

Hatua ya pili, chomoa plagi, fungua mgongo wa seti, kisha uondoe chaji ya kapasita kubwa ya pawasaplai kwa kutumia rezista, kwani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Waya mnene unaoingia kwenye kioo chini ya kikombe cha mpira usiuguse kabisa. Katika seti za rangi hubeba zaidi ya volti 20,000. Chasisi nayo yaweza kuwa na stima, hivyo seti ikiwashwa ikiwa wazi, itumie transfoma ya kutenganisha, inayoitenga na stima ya ukutani.

Hatua ya tatu ndiyo yenye majibu. Seti ikiwa imewashwa, geuza polepole kinobu cha V-HOLD, kinachorekebisha mwendo wa wima, ikiwa seti inacho. Picha ikipunguza mwendo, ikasimama kidogo, kisha ikakimbilia upande wa pili, saketi ya wima inafanya kazi ila haifikiwi na mapigo. Ifuate njia ya mapigo hayo kurudi nyuma, ukianza na kapasita ndogo za elektroliti. Isiposimama popote, pima rezista na kapasita zinazopanga mwendo wa saketi hiyo. Wapo wanaokiacha kinobu pale picha iliposimama na kumkabidhi mwenyewe seti yake. Ikishapata joto, picha hukimbia tena.

Hewa ya chumvi ya Pwani hula miguu ya vipuri, kwa hiyo penye ukijani safisha na ulehemu upya. Kapasita mpya iwe na thamani ile ile, volti zisizopungua za awali na uwezo wa kuhimili nyuzi 105, na upande wa hasi usigeuzwe.

Kwa hitilafu ya mlalo, kagua rezista inayoleta mapigo kutoka flaibeki, transfoma inayotoa volti kubwa za kioo, pamoja na diodi zinazoyalinganisha na mapigo ya ulandanishi, zikiwapo.

Mwisho, funga mgongo wa seti, iwashe kwa saa nzima, kisha uchomeke na kuchomoa waya wa ishara mara kadhaa. Picha inapaswa kushika papo hapo. Ikizunguka kwanza ndipo itulie, rudi kwenye sehemu inayochuja mapigo.