Kuchora kwenye kioo, unaanzia mwisho unarudi mwanzo

Wengi wakisikia kuchora kwenye kioo wanapaka rangi upande wa mbele kama wanavyopaka ubao, halafu wanashangaa inabanduka wakifuta vumbi tu. Ukitaka picha idumu paka kwa nyuma, mtu aione kupitia kioo chenyewe. Wasenegali ndo wakali wa hii, wanaita suwer, utakuta picha za Sheikh Amadou Bamba, kiongozi wa dini anayeheshimika sana kwao, na maisha ya mtaani, mistari ya wino mweusi kwanza halafu rangi kali nyuma yake.

Kioo cha dirisha cha mili 3 kinatosha, mwambie fundi akukatie na akupigie msasa kingo maana zinakata vidole vibaya. Osha kwa sabuni, kausha, pangusa na spiriti, na kuanzia hapo kishike pembeni tu, mafuta ya vidole ndo adui namba moja. Rangi tumia ya mafuta, ile ya makopo ambayo wachoraji wa Tingatinga pale Dar wanatumia kwenye picha zao, inashika kioo vizuri kuliko rangi ya maji.

Sasa kazi yenyewe. Kile ambacho kwenye turubai ungemalizia nacho, hapa unaanza nacho. Chukua uso: kwanza sahihi yako (iandike kinyume!), mistari ya nje, kile kidoti cheupe cha mwanga kwenye jicho, kisha mboni, kisha weupe wa jicho, midomo, vivuli vya shavu, halafu ndo rangi ya ngozi inapita juu ya vyote hivyo, na mandhari ya nyuma inakuja mwisho kabisa. Ukisahau kivuli ukashapaka ngozi basi imekula kwako, utakiweka lakini hakuna atakayekiona. Ndo maana mi nasema chora kwanza kwenye karatasi, andika namba za nini kinaanza nini kinafuata, igeuze iwe kinyume uilaze chini ya kioo ufuatishe.

Paka nyembamba. Kila tabaka liache lilale usiku mzima, ukiharakisha tina (kile kimiminika cha kulainishia rangi) ya rangi mpya inayeyusha ya chini na mistari inavurugika. Kila mara inua kioo ukiangalie kwa mbele, usijiamini. Ukikosea rangi ikiwa mbichi futa na pamba yenye tina kidogo, ikishakauka ni wembe. Rangi kama njano huwa inapitisha mwanga inaonekana imefifia, weka nyeupe nyuma yake itawaka, ila kama picha ni ya kukaa dirishani acha hivyo hivyo.

Kwa perspeksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, utaratibu ni uleule, ila tina na asetoni usiziguse kabisa, inafanya ukungu na kupasuka nyufa ndogondogo. Hiyo safisha kwa maji na sabuni na kitambaa laini, na wembe nao weka mbali, unachubua.